Kuzipima Skuli za Pembeni: Fikira Zetu Juu ya Makangale



Kila yatangazwapo matokeo ya mitihani, katika Pemba yetu huzuka mashindano ambayo hakuna aliyeyaandaa. Waketio barazani Konde huulizana skuli ipi imepasisha wangapi. Wa Wete huwacheka wa Micheweni. Wa Chake Chake huwacheka wote wawili. Na habari ifikapo Makangale, ng'ambo ya msitu wa Ngezi, huwa imekwisha kuwa hukumu. Husemwa, "Skuli ile ni nzuri, na hii haifai." Hapo shauri limekatwa, na mzee mwenye jamaa mjini huanza kutafuta nauli ya kumhamisha mtoto. Sisi tusemao haya si walimu. Sisi ni makarani, na kazi yetu ni daftari. Kwa hiyo twaomba ruhusa tuseme jambo ambalo ni la daftari zaidi kuliko la ualimu, nalo ni hili: skuli zetu hulinganishwa kwa hesabu isiyo kamili, na mtoto apoteaye katika hesabu hiyo ni yule yule ambaye skuli ilijengwa kwa ajili yake.

Wako wasomaji wetu walio Unguja na Bara ambao hawajapata kufika pande hizo, nao yafaa waelezwe. Makangale ni shehia katika Wilaya ya Micheweni, Mkoa wa Kaskazini Pemba, katika ile rasi iendayo hata Ras Kigomasha uliposimama mnara wa taa. Upande wa mashariki iko pwani ya Vumawimbi. Njia itokayo Konde hupita katikati ya msitu wa Ngezi, msitu wa hifadhi wenye miti mikubwa, na makao ya popo wa Pemba ambaye hapatikani penginepo po pote duniani. Wageni hutoka Ulaya kuja kuutazama msitu huo na kuogelea baharini, na mtoto wa Makangale huyaona magari yao yakipita. Lakini wenyeji waishi kwa uvuvi, kwa mwani na kwa kulima. Ardhi ya Micheweni kwa sehemu kubwa ni maweni, wala si ile ya udongo mzito ioteshayo mikarafuu kwa wingi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya uliofanywa na Serikali mwaka 2004/05 uliiona Micheweni kuwa ndiyo wilaya yenye umaskini kupita zote za Zanzibar. Hatulitaji hili kwa kuwaonea huruma wenyeji, maana hawakutuomba huruma. Twalitaja kwa sababu kila skuli husimama juu ya ardhi fulani, na karatasi ya matokeo haisemi ni ardhi gani.

Tena yafaa kukumbuka tulikotoka. Skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1927. Mtoto wa kike wa pembe hii ya Pemba hakuiona. Elimu yake ilikuwa chuoni kwa mwalimu wa Kurani, na jikoni kwa mama yake. Wazee wengi wa mashamba hawakuziamini skuli za wakati ule, wala hatuwezi kusema kwamba hawakuwa na sababu, kwani waliona wanaletewa mafunzo yasiyo na dini wala lugha waliyoiheshimu. Ndipo tarehe 23 Septemba 1964 Serikali ya Mapinduzi ikatangaza elimu bila malipo kwa watu wote, na tangu hapo skuli zikaenea hata huko ambako karani wa zamani hakufika ila kwa punda au kwa ngalawa. Basi skuli ya kijiji kama Makangale haina umri wa skuli ya mji, wala haina wanafunzi wa zamani waliojaa maofisini wa kuitetea. Wazee wa watoto wa leo wengi wao ndio kizazi cha pili kukaa darasani. Huu nao ni urithi, na urithi huingia katika mtihani pamoja na mtahiniwa.

Sasa tuje katika hesabu yenyewe.

Desturi ni kuuliza, "Katika waliofanya mtihani, wangapi wameshinda?" Swali hili huonekana la haki kabisa. Hebu tuchukue mfano wa kubuni, usio wa skuli yo yote iliyopo, ili asikasirike mtu. Skuli ya kwanza iliandikisha watoto 60 katika Darasa la Kwanza. Miaka ikapita, wengine wakaacha, wengine wakaambiwa wasijisumbue. Waliofika kufanya mtihani wa Kidato cha Nne ni 20, nao 16 wakashinda. Skuli ya pili nayo iliandikisha watoto 60. Hiyo iliwashika watoto wake, ikawafuata majumbani, ikawarudisha waliokwenda baharini. Waliofanya mtihani ni 45, na walioshinda ni 27. Barazani itasemwa kwamba skuli ya kwanza imepata 80 katika mia, na ya pili 60 katika mia. Mwalimu wa kwanza atapongezwa, na wa pili ataulizwa amelala wapi. Lakini ukilifungua daftari la kuandikisha, utaona kwamba katika watoto 60 waliokabidhiwa, skuli ya kwanza imewafikisha 16 tu, na ya pili 27. Skuli iliyoshindwa barazani imeshinda daftarini, tena kwa watoto 11. Na wale watoto 40 wa skuli ya kwanza ambao hawakuonekana katika chumba cha mtihani, hakuna gazeti lililowataja, kwa kuwa hawakushindwa, hawakuwapo.

Pengine msomaji atasema kwamba tumejitengenezea mfano wa kutufaa. Basi na atazame yaliyotokea kweli. Mwaka 2013 Serikali ya Muungano ilianzisha mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa, na katika mpango huo skuli za msingi za Bara zilipangwa kwa nafasi, ya kwanza hata ya mwisho, katika taifa zima na katika kila wilaya, kwa kufuata alama za mtihani wa Darasa la Saba. Nafasi hizo zikatangazwa hadharani. Wataalamu watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliyachunguza matokeo ya mpango huo, na uchunguzi wao ulichapishwa mwaka 2021. Waliona kwamba skuli zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha kweli alama zao baada ya kutangazwa. Hilo ni jema, na hatulifichi. Lakini waliona pia kwamba katika skuli hizo hizo idadi ya watoto waliofanya mtihani ilipungua, kwa wastani kama watoto wawili kwa kila skuli. Watoto wawili ni wachache kwa aandikaye taarifa ya taifa. Katika kijiji kimoja, watoto wawili wana majina, wana mama zao, na kila mtu ajua nyumba zao.

Zanzibar haikuwamo katika mpango ule, maana elimu ya msingi si jambo la Muungano. Kwetu mitihani ya chini hutungwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar, na wa Kidato cha Nne ndio utungwao na Baraza la Mitihani la Tanzania, Bara na Visiwani kwa pamoja. Baraza hilo la Tanzania kwa miaka mingi lilikuwa likitangaza skuli kumi bora na kumi za mwisho, na mara kadhaa skuli za Zanzibar zilijikuta katika zile za mwisho. Twakumbuka aibu iliyozifuata, na makelele ya watu, na jinsi kila mtu alivyojua dawa. Katika Januari 2023, matokeo ya mtihani wa mwaka 2022 yalipotoka, Baraza likasema kwamba limeacha kutangaza skuli bora na wanafunzi bora, kwa sababu watahiniwa hawasomi katika mazingira yaliyo sawa. Wenzetu wa Kenya walikwisha kupiga marufuku upangaji wa skuli kwa nafasi mwaka 2014. Uingereza ilianza kuchapa orodha zake mwaka 1992, na Wales, ambayo ni sehemu ya ufalme huo huo, ikaziacha mwaka 2001. England ikaendelea nazo, ila mwaka 2016 ikaleta hesabu nyingine pia, itazamayo mtoto alipoanzia na alipofikia, wala si alama ya mwisho peke yake. Basi mashaka haya si ya watu wa Pemba tu.

Lakini Baraza kuacha kutangaza si kusema kwamba watu wameacha kulinganisha. Matokeo ya kila skuli bado huwekwa wazi, na kijana mwenye simu atayajumlisha kabla ya adhuhuri. Tofauti ni kwamba zamani tulipewa hesabu pungufu na wakubwa, na siku hizi twajifanyia wenyewe.

Yako mambo mengine ambayo hesabu hii ya barazani huyapita bila kuyaona, nasi tutayataja kwa kadiri tuyajuavyo.

La kwanza ni udogo wa skuli. Skuli ya mji yenye watahiniwa 200, mmoja akiugua siku ya mtihani wa Hisabati, matokeo hayabadiliki hata nusu ya moja katika mia hushuka kwa shida. Skuli ya pembeni yenye watahiniwa 20, kila mmoja wao ni 5 katika mia. Wawili wakiugua homa, mmoja akifiwa na baba yake wiki ya mtihani, skuli imeporomoka kwa 15 katika mia, na watu watasema mwalimu mkuu mpya hafai. Mwaka ufuatao hao hawapo, skuli hupanda, na mwalimu yule yule huwa mtu wa maana. Kwa hiyo mwenye kutaka kuihukumu skuli ndogo asitazame mwaka mmoja. Na atazame miaka mitano kwa pamoja, au asiseme kitu.

La pili ni lile la kuchagua. Katika mfumo wetu wa Zanzibar, watoto waliofanya vizuri zaidi katika mtihani wa mwisho wa msingi huchaguliwa kwenda katika skuli za vipawa na madarasa ya michepuo, nazo kwa kawaida ziko katika miji. Hatusemi jambo hili libatilishwe. Mtoto mwerevu wa maskini amefunguliwa mlango, na wako wakubwa wetu wengi waliopita mlango huo. Lakini tazameni lifuatalo. Skuli ya kijiji humfundisha mtoto tangu haijui alifu wala a, miaka sita, kisha atakapoanza kung'ara huondolewa. Miaka minne baadaye hufanya mtihani wa Kidato cha Nne akiwa mwanafunzi wa skuli ya mji, na alama zake huandikwa huko. Ndipo skuli ya mji hulinganishwa na ile ya kijiji, na ya kijiji huonekana duni. Ni kama kumchagulia mvuvi samaki wakubwa wote kutoka chomboni mwake, kisha kumcheka pale mnadani kwa kuwa ana dagaa. Kama haki ingefuatwa, kila mtoto aliyechaguliwa angehesabiwa mara mbili: kwa skuli iliyommaliza na kwa skuli iliyomwanzisha.

La tatu ni bahari. Asiyekaa pwani hudhani utoro ni utovu wa adabu. Akaaye pwani ajua kwamba mahudhurio ya skuli hufuata mwezi. Wakati wa bamvua maji hujitenga mbali, na huo ndio wakati wa kwenda kufunga na kuvuna mwani, kutafuta pweza na chaza. Mama huenda, na binti huenda pamoja naye, au hubaki nyumbani na mtoto mchanga. Wakati wa maji mafu binti hurudi darasani. Na wavulana wakubwa, upepo ukiwa mzuri, huwafuata baba na ajomba zao dago, wakakaa huko wiki kadhaa, nao warudipo wana fedha mkononi, na fedha ni mwalimu mwenye sauti kubwa kuliko sisi sote. Kilimo cha mwani kiliingia visiwani mwetu mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwapa wanawake kipato chao wenyewe, wala hatumlaumu mama atakaye mikono ya bintiye kwa siku mbili. Ila twasema kwamba ratiba ya mitihani ya majaribio na ya masomo ya ziada yaweza kupangwa na mtu mwenye kuijua kalenda ya maji. Halihitaji fedha jambo hilo. Lahitaji mwalimu mkuu akae na wazee, wamwambie siku za bamvua ni zipi.

Nalo la nne ni mwalimu mwenyewe. Mwalimu apangiwaye skuli ya mbali, akiwa hana nyumba ya kukaa, hukaa mji ulio karibu na kusafiri kila asubuhi. Mvua za masika zikinyesha, gari lisipopita, darasa hungoja. Mwalimu wa Fizikia au wa Hisabati, ambaye ni haba katika nchi nzima, akipata nafasi ya kuhamia mjini huhama, na nani atamshika shati? Hapo skuli hubaki na mwalimu wa Historia afundishaye Kemia kwa moyo wake mwema. Serikali ya Rais Hussein Ali Mwinyi imejenga skuli nyingi za ghorofa Unguja na Pemba tangu mwaka 2021, nasi twashukuru, kwa kuwa watoto kusoma kwa mikondo miwili, asubuhi na jioni, kuliwanyima wengi saa zao za masomo. Lakini ghorofa haifundishi. Tungependa kuona kwamba kila palipojengwa madarasa katika skuli za pembeni, pamejengwa na nyumba za walimu, hata kama si ghorofa, hata kama ni vyumba viwili na ukumbi.

Juu ya lugha tutasema kidogo tu, kwa kuwa ni habari ndefu. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. Mtoto wa mjini ana kaka asomaye chuo kikuu, ana televisheni, ana masomo ya jioni ya kulipia. Mtoto wa Makangale husikia Kiingereza dirishani mwa gari la mgeni. Akiulizwa swali la eneo la pembetatu kwa lugha hiyo, akikosa, hatuwezi kujua kama amekosa Hisabati au amekosa Kiingereza. Karatasi ya matokeo huandika kosa moja tu.

Sasa twaja kwa jambo gumu, linalowahusu watumishi wa Serikali hasa. Wako watumishi wenzetu, tena si wachache, waliozaliwa katika vijiji kama hivi, ambao watoto wao hawajapata kukalia dawati la kijijini hata siku moja. Mtoto hupelekwa Wete au Chake Chake kwa shangazi, au huvushwa Unguja kwa mama mdogo. Hatuwalaumu, mzazi humtakia mwanawe la kheri, na mshahara wa karani haununui mambo mengi ila hili moja. Lakini yapasa lionekane lilivyo. Mtumishi amhamishapo mtoto wake, humwondoa mtoto mmoja, na hujiondoa na yeye mwenyewe. Huondoka mzazi ajuaye kuandika barua kwa Afisa wa Elimu, ajuaye kuuliza katika kamati fedha zimekwenda wapi, asiyeogopa kumwambia mwalimu kwamba Jumatatu hakuonekana. Wanaobaki ni wazazi wenye haki ile ile, ila sauti yao haifiki ofisini. Mwaka ufuatao skuli hushuka, na mtumishi mwingine huitazama na kusema, "Mnaona? Nilisema." Hivyo ulinganisho uliokuwa wa uongo mwanzoni hugeuka kuwa wa kweli, kwa sababu watu waliusadiki.

Tumewasikia wasemao kwamba maneno kama haya yetu ni blanketi la wavivu. Wanasema mwalimu asiyefundisha atajificha nyuma ya bahari na umaskini, na kwamba wazazi wa Makangale wana haki ya kujua kama skuli yao ni mbaya. Twakubaliana nao kabisa kwamba wana haki ya kujua. Wala hatutaki karatasi ifichwe. Mzazi asiye na cheo hana silaha nyingine ila kujua. Tena ziko skuli katika ardhi moja, zenye watoto wa bahari moja, na bado moja yafanya vizuri na nyingine vibaya. Tofauti hiyo ni ya mwalimu mkuu na walimu wake, nayo isemwe waziwazi. Lakini ili isemwe kwa haki, yapasa Makangale ilinganishwe na skuli nyingine za rasi na za pwani ya Micheweni, zilizo na mwezi mmoja wa bamvua na njia moja ya mvua, kabla ya kulinganishwa na skuli ya mji yenye kuchaguliwa watoto. Mvivu hatapata pa kujificha hapo. Kwa kweli atafichuka zaidi kuliko sasa, maana siku hizi akiulizwa hujibu, "Sisi ni wa pembeni," na watu hunyamaza.

Basi twaomba nini? Twaomba karatasi moja. Kila mwaka, matokeo yatokapo, ukuta wa skuli na baraza ya Sheha vibandikwe karatasi yenye mistari michache, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Iseme watoto wangapi waliandikishwa Darasa la Kwanza miaka kumi iliyopita, wavulana wangapi na wasichana wangapi. Iseme wangapi walifika Darasa la Sita, na katika hao wangapi walichaguliwa kwenda skuli za vipawa na michepuo. Iseme wangapi walifika Kidato cha Nne, wangapi walifanya mtihani, wangapi walishinda. Iseme skuli ina walimu wangapi, na somo lipi halikuwa na mwalimu, na kwa miezi mingapi. Hesabu zote hizo zimo katika madaftari ya skuli; hakuna hata moja inayohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kamati ya skuli yaweza kuifanya karatasi hiyo kwa siku moja, na mzazi asiyejua kusoma atasomewa na mwanawe, jambo ambalo lenyewe litakuwa mtihani mzuri.

Tukipata karatasi hiyo kutoka Makangale, na kutoka skuli nne au tano za jirani, ndipo tutaketi barazani na kulinganisha, na tutabishana kwa haki. Tutaweza kuona skuli ipi huwapoteza wasichana baada ya Darasa la Sita na ipi huwashika. Tutaona skuli ipi imekaa mwaka mzima bila mwalimu wa Hisabati huku jirani yake akiwa na watatu, na hilo Afisa wa Elimu wa Wilaya ataweza kulirekebisha kwa barua moja tu.

Mtoto aliyeandikishwa Darasa la Kwanza katika Januari 2016, asiporudia darasa, alipaswa kufanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2025. Daftari la 2016 ndilo twapendekeza lifunguliwe kwanza. Liwekwe mezani katika mkutano wa kamati, Sheha akiwapo na wazee wa mitaa wakiwapo, na jina moja moja lisomwe: nani alishinda, nani alishindwa, nani alihamia Unguja, nani ameolewa, nani yuko dago, nani amefariki, na nani angali kijijini akiwa na umri wa kurudi darasani. Mwanachama wetu ye yote awezaye kufika siku hiyo achukue kalamu na karatasi, akayaandike majina hayo ya mwisho, pamoja na mtaa wa kila mmoja na jina la mzazi wake, na nakala apewe mwalimu mkuu kabla ya mkutano kuvunjika.